Uasilia wa Bendi ya Matarumbeta: Ala au Kazi ya Ala?

Tuchukulie kwamba mwanafunzi amekwenda Katana, kaskazini ya Bukavu, kuchunguza fanfari. Amekuta tarumbeta mbili, saksafoni moja na ngoma za ngozi zilizowambwa papo hapo kijijini. Je, aiandike kuwa bendi ya matarumbeta halisi, au mchanganyiko tu? Tunadai hapa kwamba swali hilo likijibiwa kwa kuhesabu ala peke yake, litampotosha.

Hata huko Ulaya hesabu hiyo haina jibu moja. Katika mashindano ya bendi za Uingereza saksafoni hukataliwa: ijapokuwa imeundwa kwa shaba, sauti yake hutokana na utete, si na midomo ya mpulizaji. Nchini Ubelgiji, iliyoitawala Kongo kuanzia 1908 hadi 1960, fanfari huipokea saksafoni bila shaka yoyote. Wala ala zenyewe si za kale mno. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, ndiye aliyeisajili saksafoni mwaka 1846. Hivyo basi, mhakiki anayeikataa saksafoni ya Katana kwa jina la asili anatetea kanuni ya nchi moja tu.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ni beni. Ngoma hii ilizuka katika mwambao wa Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi. Askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaieneza bara, nayo ikafika hadi Katanga. Kando ya Ziwa Nyasa, wachezaji wa malipenga walishika vibuyu vyenye utando wa buibui, wakaimbia ndani yake. Shaba imetoweka, lakini safu za gwaride, vyeo, sare, sauti zinazojibizana na ngoma inayoongoza hatua vimebaki.

Huenda tukaulizwa: ikiwa ala si kipimo, je, kila kundi ni bendi ya matarumbeta? La, hasha. Kibuyu hakitoi mlio wa shaba, na wenyewe waliipa ngoma yao jina jingine. Ala ina uzito wake, na yapasa itajwe kwa ukamilifu. Lakini kuitaja ni mwanzo wa uhakiki, si mwisho wake.

Kwa mantiki hii, mwanafunzi wetu aandike ni nani anayebeba wimbo, nani anayemjibu, besi inatoka wapi, na ala iliyokosekana imefidiwa kwa nini. Akiandika neno "mchanganyiko" na kufunga daftari, wasomaji wa kesho watadhani kwamba watu wa Katana walijaribu kuwa Wazungu wakashindwa. Ubunifu wao utakuwa umehifadhiwa kama upungufu, na kosa hilo litakuwa la mchunguzi, si la wapigaji.