Jamani, Nimeushika Wavu Wenye Mlango wa Kasa!

Mikono yangu bado inanuka chumvi na grisi, na kunawa sitaki! Nimetoka gatini hapa Mombasa sasa hivi kuushika wavu wa trola ya kamba, ule wenye mlango wa kasa, umetandazwa chini ukingoja kushonwa, na wallahi sijui nianzie wapi.

Basi nianze na chuma. Shingoni mwa wavu, pale unapobana kuelekea mfuko wa nyuma, wameshonea fremu imekaa mshazari, kama dirisha la nondo lililoegemezwa ukutani. Baridi, nzito, halafu laini ajabu! Weka kiganja juu ya zile nondo uone: kinateleza chenyewe, moja kwa moja mpaka kwenye tundu lililofunikwa kipande cha wavu. Sukuma kidogo tu, mkono huo nje! Utoe, kipande kinajirudishia, pap! Nikarudia, nikarudia tena, mpaka baharia mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na wewe wataka kutoka?"

Na ndivyo chuma hiki kinavyofanya kazi huko chini. Kamba, mdogo wa watu, anapenya katikati ya nondo na kuishia mfukoni. Kasa anagonga chuma, anateleza, mlango unafunguka, huyo! Anapanda juu kuvuta pumzi, maana kasa anahitaji hewa kama mimi na wewe, akikokotwa chini muda mrefu anakufa maji. Kifungwe vizuri tu, wanatoka takriban 97 kwa kila 100. Na bado! Papa wakubwa na taa wapana nao wanatemwa, kwa hiyo kamba hawapondwipondwi, wanapanda chomboni wazima, wanang'aa, watamu hata kwa macho!

Aliyeanzisha mambo haya hata kasa hakuwa akiwawaza! Sinkey Boone, mvuvi wa kamba wa Georgia, Marekani, alichoshwa na yavuyavu waliomjazia wavu, akabuni fremu ya kuwatema. Kasa wakafaidi bure.

Kwetu Kenya chuma hiki kilikuja baada ya ugomvi mkali. Ghuba ya Ungwana, pale mito ya Tana na Sabaki inapomwaga tope na kamba wakajazana, trola na wavuvi wadogo walikwaruzana hadi trola zikasimamishwa mwaka 2006. Ziliporudi 2011, zilirudi kwa masharti, na chuma hiki kimo.

Ila vidagaa na vitoto vya samaki vinapenya nondo pamoja na kamba, na hapo mimi ningebana sheria kweli kweli. Dawa ipo: dirisha jingine juu ya mfuko. Samaki anaweza kuogelea akalifikia, kamba mkondo unamshinda, anabaki. Werevu gani huo!

Halafu zile mbao kubwa za kuufungua mdomo wa wavu, uuuwi! Pindua moja utazame chini: chuma kimesuguliwa na sakafu ya bahari mpaka kinawaka. Nilipitisha kidole, nikasisimka mwili mzima, nikiwaza nyasi na viumbe vilivyopitiwa na chuma kile. Australia wamebuni mbao ziitwazo Batwing, ambazo chuma chake cha chini kinaelekea kule chombo kinakokwenda, kwa hiyo zinaparua kidogo mno. Hizo bado sijazigusa. Siku zikitua Mombasa nitalala gatini, na wewe uje na mkeka wako!