Mafiga si "Mawe Matatu": Uhakiki wa Istilahi za Jikoni

Tangu Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, ulipozinduliwa, vijitabu vya kuwaelimisha wananchi vimeongezeka, na pamoja navyo limeenea jina "jiko la mawe matatu". Nilipomsomea jina hilo fundi bati mmoja wa Daraja Mbili, Arusha, alisitisha nyundo yake akauliza: "Ndugu, unasema mafiga?" Swali hilo latosha kuwa hukumu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba mfasiri amefasiri maelezo ya mgeni asiyekuwa na jina la kitu hicho, ilhali sisi tunalo. Figa, ambalo wengine huliita jifya, si jiwe lolote tu. Huteuliwa kwa kimo chake na kwa uwezo wake wa kustahimili moto bila kupasuka. Nayo ni matatu kwa sababu: chungu kilichokaa juu ya ncha tatu hutulia hata penye ardhi isiyo sawa, bali juu ya nne huweza kuyumba. Kati ya mafiga hupita kuni na hewa. Kuni husukumwa ndani moto ukitakiwa kukolea, na huvutwa nje ukitakiwa kupungua. Mafiga yakisogezwa, hupokea chungu kikubwa au kidogo. Ndipo wahenga wakasema: jifya moja haliinjiki chungu.

Kasoro ya pili ni kulitenga neno na jamaa zake. Penye mafiga chungu huinjikwa au hutelekwa, kisha huipuliwa. Juu yake huwapo uchaga, ambako moshi hukausha mahindi na kuwazuia wadudu. Mfasiri aandikapo "weka chungu juu ya moto" na "ondoa chungu", hakosei maana, lakini aacha vitenzi vilivyo tayari.

Sisemi kwamba mafiga hayana dosari. Moshi wake hudhuru macho na mapafu, na kuni nyingi hupotea bure. Hata hivyo, mama anayeshawishiwa kuacha kitu anastahili kusikia kikitajwa kwa jina lake. Akisikia "mawe matatu" atadhani mshauri hajui anachokikataza. Kinyume chake, "jiko banifu" ni istilahi njema: yatokana na kubana, nayo yaeleza kazi ya chombo, yaani kulizuia joto lisipotee.

Napendekeza basi: figa kwa jiwe, mafiga kwa matatu yakiwa pamoja, meko kwa mahali pa moto, na jiko, panapohitajika usahihi, kwa chombo cha kupikia. Kabla ya kuunda neno jipya ofisini, tubishe hodi kwanza jikoni.