Kichaka cha Newala ni shamba la zamani

Pale Engaruka, chini ya kuta za Bonde la Ufa, mkulima wa kale ni rahisi kumfuatilia: aliokota mawe shambani, akayarundika, akajenga kingo na mifereji inayoonekana hadi leo. Ukitoka Ndanda ukakwea uwanda wa Makonde, ujuzi wa kusoma mawe haukusaidii. Juu kule ni mchanga unaokwenda chini sana. Hata jiwe la figa ni la kutafuta.

Waliolima huko waliacha kichaka. Karl Weule, msomi wa Kijerumani aliyefika Newala, juu ya uwanda huo, mwaka 1906, alikuta vichaka vilivyosongamana hata mtu hapiti bila panga, akang'amua kuwa vimeota palipolimwa. Mwanajiografia Clement Gillman naye alikiandikia kilimo hicho makala mwaka 1945.

Siri iko kwenye kisiki. Wakati wa kiangazi mkulima alifyeka, akaacha matawi yakauke, akachoma kabla mvua hazijashika. Visiki hakuving'oa, na mizizi ikabaki hai chini ya majivu. Alivuna mtama, mihogo na kunde misimu michache. Ardhi ilipochoka, akahamia pengine. Nyuma yake kila kisiki kikachipua mashina mengi ya rika moja, yote yakigombea jua. Inama utazame chini: vijiti vyembamba vinatoka kwenye kifundo kimoja kinene, na kifundoni pana kovu la mkato. Wapita njia hukiita kichaka hicho pori lisiloguswa. Mimi nakiona kama akiba: ardhi ilipumzishwa, na mizizi ililinda mchanga usichukuliwe na mvua.

Linganisha na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufika Nachingwea, si mbali na huko. Wao walileta matingatinga kung'oa kila kitu hadi mizizi. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha, kwa sababu nyingi, lakini kazi hiyo ya kusafisha ardhi iliugharimu mno.

Kilichovunja mzunguko wa zamani ni korosho. Mkorosho hukaa shambani miaka mingi, kwa hiyo shamba halirudi tena kichakani, labda mwenyewe aliache. Miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, mashamba mengi ya mikorosho yaliachwa. Katika shamba la namna hiyo, pima unene wa machipukizi yaliyobana mikorosho: hayo ndiyo yanayokaribia kukutajia mwaka palizi ilipokoma.