Mtoto anasoma, lakini je, anasoma?

KISWAHILI kina kitenzi kimoja kinachotuhadaa kila siku: kusoma. Mzazi akisema, “Mwanangu anasoma Gredi ya 3,” hajasema kwamba mtoto huyo anaweza kufumbua maandishi. Amesema tu kwamba huenda shuleni. Kwa maoni yangu, sheria zetu za elimu zimenaswa katika utata uo huo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto shuleni. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya kusoma, nayo imelindwa vyema. Kanuni za Tume ya Huduma za Walimu (TSC) za 2015 nazo zinatambua tathmini ya utendakazi wa walimu, ambayo leo tunaijua kama TPAD. Mwalimu hujipa alama, kisha msimamizi wake humpa zake. Hutazamwa azimio la kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi. Sipingi. Ila andalio la somo si somo, wala fomu iliyojazwa vizuri haituambii iwapo mtoto anasoma kwa maana ya pili.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja la Gredi ya 1. Mwalimu aliashiria ubaoni, watoto wakaimba sentensi nzima bila kukwama. Baadaye nikamwita mvulana mmoja, nikaweka kidole kwenye neno la katikati. Akarudi mwanzo wa sentensi, akaikariri hadi akalifikia. Jamani, huyo hakuwa akisoma, alikuwa akikumbuka! Na faili za mwalimu wake hazikuwa na dosari.

Dawa tunaijua. Mradi wa Tusome, ulioanza 2015, uliwatuma maafisa madarasani wakiwa na tableti. Walitazama somo, wakawasikiliza wanafunzi watatu wakisoma, kisha wakamshauri mwalimu.

Wapo watakaosema, basi alama za watoto zitiwe kwenye TPAD. La hasha! Mwalimu anayehofia adhabu atawakaririsha watoto zaidi. Anayesikiliza aje kushauri, si kuhukumu.

Kiswahili chenyewe kinaturahisishia kazi, maana huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto aliyezimudu silabi atalisoma hata neno asilowahi kuliona. Kwa hivyo, afisa akifika shuleni, faili zisubiri kidogo. Kwanza amwandikie mtoto neno geni, amwambie: “Nisomee.”