Sifa ya Tao la Matofali

Siku hizi, tangu Sake hadi Masisi, huku mashariki mwa Kongo, madirisha mengi ya makanisa mapya ni matundu ya mraba: nondo juu, saruji, kazi imekwisha. Ndiyo maana nilisimama nilipomwona, karibu na Bihambwe, mwashi mzee akilijengea dirisha tao la matofali ya kuchoma.

Alianza na kiunzi cha mbao chenye mgongo wa mviringo. Juu yake akapanga matofali kutoka pande zote mbili kwa zamu, moja huku, moja kule, upande mmoja usije ukalemewa. Kila tofali aliligonga kwa mwiko na kusikiliza: lililoiva hulia, lisiloiva hutoa sauti butu, naye huliweka kando. La kileleni alilichonga mpaka likaingia kwa kubanwa. Udongo wa kuungia matofali ukikauka, mbao huondolewa, na hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo: uzito ambao ungeyaangusha matofali ndio unaoyashika. Ndani hamna chuma hata kidogo.

Ufundi huu umetoka mbali. Miongoni mwa Mapadri Weupe, shirika alilolianzisha Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walikuja huku Wabelgiji waliokulia Flandria, ambako makanisa ya vijiji yamejengwa kwa matofali tangu karne ya 13. Huko aliyeweka msingi mara nyingi hakuuona mnara. Huku kwetu tao likashikwa na mikono ya wazee wetu, waliofinyanga udongo wa mabondeni na kubeba kuni za tanuru. Mapadri wameandikwa majina. Waashi wengi hawakuandikwa.

Kuna hasara zisizotoka kwetu: lava ya mlima Nyiragongo iliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu mjini Goma, Januari 2002. Mlima ukiamua, nani atauzuia? Vita navyo vimewatawanya watu wa Masisi, na anayekimbia na mtoto mgongoni habebi mwiko. Lakini ipo hasara tunayojitia wenyewe. Tunamhimiza fundi amalize kwa kuwa sherehe imekaribia. Kijana hakai kando ya mzee ajifunze, maana machimbo ya madini ya Rubaya yanamwita, na nyumbani wanasubiri chakula cha leo. Yule mzee alifanya kazi bila mwanafunzi.

Makanisa yetu ya haraka yatatukinga na mvua, nasi tutashukuru. Ila tuliorithi matao kwa watu wasiojulikana hata majina, tunajiandaa kuwarithisha wajukuu matundu ya mraba.