Nguo Yenye Jina: Mfarishi wa Ukumbusho na Filamu Zake

Mtu wa pwani ajua kuwa nguo husema. Leso huchaguliwa kwa maneno yake kama inavyochaguliwa kwa rangi yake, na mwenye jambo na jirani huweza kumjibu bila ya kufungua kinywa. Iko nguo moja tu isiyosema neno, nayo ni sanda. Ni nyeupe, haina jina, tajiri na maskini huvikwa iyo hiyo, na ndani ya ukimya wake mna usawa. Kwa mtazamaji aliyelelewa baina ya nguo hizo mbili, mfarishi wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, uliozaliwa San Francisco, Marekani, ni kazi ya sanaa ya kushangaza: ni nguo ya maiti, nayo yasema.

Asili yake ni Novemba 1985. Katika maandamano ya mishumaa ya kuwakumbuka Harvey Milk na George Moscone, viongozi wa mji waliouawa mwaka 1978, mwanaharakati Cleve Jones aliwataka waandamanaji waandike majina ya wapenzi wao waliokufa kwa UKIMWI. Maandishi hayo yalibandikwa kwenye ukuta wa jengo la serikali kuu, na yalivyopangika yakawa mithili ya mfarishi wa viraka. Mwaka 1987 kazi ya kushona ikaanza. Kila kipande kilikatwa futi 3 kwa futi 6, kadiri ya kaburi la mtu mzima. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo vipande 1,920 vilitandikwa Washington na majina yakasomwa kwa sauti. Hivi leo vipande vyakaribia 50,000, vyenye majina zaidi ya 110,000.

Uzito wa jina katika kazi hii haufahamiki pasipo kuifahamu hali ya wakati ule. Wengi katika marehemu walikuwa wanaume wapenzi wa jinsia moja. Ziko familia zilizoficha sababu ya kifo, na ziko nyumba za mazishi zilizokataa kuzipokea maiti. Rais Ronald Reagan hakutoa hotuba kamili juu ya maradhi hayo hadi Mei 1987, ilhali Wamarekani zaidi ya 20,000 wameshakufa. Palipokosekana jeneza na dua, kitambaa kikashika nafasi ya kaburi.

Filamu ya Rob Epstein na Jeffrey Friedman, Common Threads: Stories from the Quilt (1989), iliyopata tuzo ya Oscar, imeifahamu siri hiyo. Katika maelfu ya waliokufa, yachagua watu watano tu: miongoni mwao yumo mwanamichezo wa Olimpiki, yumo mtumiaji wa dawa za kulevya, yumo na mtoto aliyekuwa na maradhi ya damu isiyoganda. Waliobaki hai ndio wasimulizi, na baina ya masimulizi huingia habari za televisheni za miaka ile. Kwa hiyo mtazamaji anapoonyeshwa mfarishi umetandazwa uwanjani, haoni tena rangi na mapambo; aona watu, na watano kati yao keshawajua.

Hata hivyo, uzuri una hatari yake. Wako wanaharakati walioona kuwa mfarishi huo waliwaza watu, wakati uliwataka wakasirike. Oktoba 1992, ulipokuwa umetandikwa tena Washington, wanachama wa ACT UP walibeba majivu ya wapenzi wao wakayamwaga kwenye bustani ya White House. Tukio hilo limehifadhiwa katika United in Anger (2012), filamu ya Jim Hubbard. Kitambaa kililiombea jina. Majivu yalimshitaki mkubwa. Mhakiki Douglas Crimp alishaandika mwaka 1989 kuwa maombolezo na mapambano si mahasimu, na filamu hizi mbili zikitazamwa pamoja zampa haki. Kwani asiyemlilia mtu kwa jina lake, atamdaia nini?

Hapo ndipo kazi hizi zinapoigusa Afrika Mashariki. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika siku za mwanzo maradhi hayo huko yaliitwa Juliana, jina la vazi lililokuwa likiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. San Francisco nguo ilipewa jina la mgonjwa. Kagera ugonjwa ulipewa jina la nguo, na wagonjwa wenyewe wakabaki bila ya majina. Fasihi ya Kiswahili ilifuata njia iyo hiyo. Ua la Faraja (2004) ya William Mkufya ni riwaya nzito, lakini wanaougua ndani yake ni watu wa kubuni, kama inavyostahiki riwaya. Mashairi nayo, kwa wingi wake, ni ya maonyo: yawaonya walio hai, hayawalilii waliokufa.

Hapana shaka kuwa pana sababu ya heshima. Watu wa visiwani huthamini sitara, na kumsitiri maiti ni katika haki zake. Lakini sitara hufunika aibu, na maradhi si aibu. Malenga wa pwani hawajapata kushindwa kumtungia maombolezo nahodha aliyezama au mwalimu aliyefariki, wakamtaja kwa jina lake na la babake. Aliyekufa kwa UKIMWI naye alikuwa nahodha, alikuwa mwalimu, alikuwa mtoto wa mtu. Si lazima ashonewe mfarishi. Beti kumi zenye jina lake, zikitungwa kwa idhini ya nduguze, zatosha kuwa nguo yake.