Sifa za Jaji wa Picha za Stereo

Picha ya kawaida yaweza kuhukumiwa hata na mwenye jicho moja. Ya stereo haiwezekani. Jaji wake huwekewa picha mbili za kitu kimoja, zilizopigwa kwa nafasi ndogo kati yake kama ile iliyo baina ya macho yetu, naye husubiri hadi ziungane kichwani mwake na kuwa kitu kimoja chenye kina. Hapo ndipo hukumu inapoanza. Kazi hii inataka subira na macho yaliyozoezwa, nayo haijawahi kupewa heshima inayostahili.

Chimbuko la picha za stereo ni Uingereza, ambako mwaka 1838 Charles Wheatstone alieleza jinsi macho mawili yanavyotuonyesha kina. Katika maonyesho makubwa ya London ya 1851 Malkia Victoria alivutiwa na picha hizo, na umaarufu wa stereo ukaenea. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1947, kamera ya Stereo Realist iliingia sokoni kutoka Milwaukee, Marekani. Watu wa kawaida wakaanza kujipigia slaidi za stereo, vilabu vikashamiri na mashindano yakanoga.

Kipimo cha kwanza cha jaji ni dirisha. Ukingo wa picha ya stereo huonekana kama dirisha ambalo mtazamaji anachungulia ndani yake. Vitu vikikaa nyuma yake, macho hutulia. Kitu kikijitokeza mbele yake, sharti kiwe huru, kisikatwe na ukingo. Tawi la mti likija mbele huku limekatwa ubavuni, akili huchanganyikiwa: tawi liko karibu kuliko dirisha, lakini dirisha linaliziba! Mtazamaji mwingine atahisi tu kwamba macho yanamsumbua. Jaji hulijua kosa, na hujua kuwa lingeweza kuondolewa wakati wa kupachika slaidi, kwa kuzisogeza picha hizo mbili kidogo sana.

Ndivyo anavyogundua pia picha moja ikiwa juu kidogo ya mwenzake, au ya kushoto ikiwekwa kulia, hata cha mbali kikaonekana cha karibu. Hugundua watu waliokaa kama makaratasi yaliyopangwa safu kwa safu. Hugundua mlima uliofanywa mdogo kama kichezeo kwa sababu kamera zilitenganishwa mno.

Lakini kasoro si mwisho wa kazi. Jaji mahiri hufumba jicho moja, kisha hulifumbua. Ikiwa picha haikupungukiwa na kitu, basi kina hakikuwa na kazi ndani yake, hata kama rangi zinapendeza. Ukungu bondeni, buibui katikati ya utando wake, moshi unaojikunja hewani: vitu hivi vikipigwa vizuri, jicho la pili huvipa uhai.

Zamani majaji walikaa gizani na miwani yao ya kuchuja mwanga, projekta ikimulika kwenye skrini ya rangi ya fedha. Leo filamu ya Kodachrome, iliyopendwa na wapiga slaidi wengi, haitengenezwi tangu 2009. Mwaka 2017 LG na Sony nazo ziliachana na televisheni za 3D, zilizokuwa zikiwafaa sana wapenzi wa stereo. Vifaa vinatoweka, na haraka inashika nafasi yake. Picha hupita kwa sekunde chache, na kinachoshangiliwa ni kile kinachomrukia mtazamaji usoni. Kina kilichotulia, kinachotaka kukaliwa, hupitwa bila kuonwa.

Nawaomba wanaoandaa mashindano: wapeni majaji muda, na wawekeni vijana kando ya wazee waliobobea ili wajifunze kutazama. Kamera mpya zitapatikana madukani. Jicho la jaji halinunuliwi popote, hurithishwa tu na mwenye nalo angali hai.